Jinsi ya Kutoa Dau eBay na Kupata Kitu kwa Bei Chee

Maswali ni yale yale kila wiki. "Nimeweka dau la dola 60, mbona sekunde hiyo hiyo naambiwa limepitwa?" "Nianze mapema au nivizie mwisho?" "Mtu kanipita kwa dola mbili na nusu tu, si ningeongeza tatu ningeshinda?" Majibu yake hayatoshi kwenye ujumbe wa WhatsApp, kwa hiyo nimeyaandika hapa hatua kwa hatua. Mwenzio akikuuliza, mtumie.

Mwongozo huu ni wa minada ya eBay, lile soko la mtandaoni, tovuti ya Marekani na ya Uingereza, kwa mtu anayeishi Dar, Arusha, Nairobi au Mombasa. Mfano nitakaoutumia ni lenzi ya kamera, kwa kuwa ndiyo ninayonunua zaidi na hesabu zake nazijua. Wewe unayetaka laptop, saa ya mkononi au gitaa, badilisha tarakimu tu. Vitu vingi eBay siku hizi vinauzwa kwa bei ya kudumu, ile ya kubonyeza "Buy It Now", lakini mnada bado upo na mimi naona bei za kushangaza zinapatikana humo.

Wengi wanatafuta ujanja wa sekunde ya mwisho. Ujanja upo, nitaueleza, ila ni sehemu ndogo ya kazi. Unafuu mkubwa unaupata mapema: kwenye kuchagua mnada wa kuingia, na kwenye kujua kikomo chako ukiwa bado umetulia.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Akaunti yenye historia. Akaunti iliyofunguliwa jana, haina maoni hata moja ya wauzaji, inatiliwa shaka. Wauzaji wengine huwaogopa wanunuzi wa aina hiyo. Nunua vitu vidogo vya bei ya kudumu kwanza, mfuniko wa lenzi, waya wa USB, lipa siku hiyo hiyo. Baada ya vitu kadhaa utaonekana mtu wa kawaida.

Kadi inayokubali malipo ya nje. Kadi ya benki au kadi ya mtandaoni ya Visa au Mastercard inayounganishwa na pochi ya simu inatosha. Hakikisha mapema kikomo chake cha malipo kwa siku, na ujue inakata kwa kiwango gani cha kubadilishia fedha. Kiwango cha kadi siyo kile unachokiona kwenye taarifa ya habari. Kwa kawaida ni kibaya zaidi.

Anwani ya kupokelea. Hapa pana njia tatu. Muuzaji anaweza kukutumia moja kwa moja, lakini wengi hawatumi Afrika na wanaotuma hutoza nauli inayoua faida yote. Njia ya pili ni wakala wa mizigo mwenye ghala Marekani au Uingereza, anayekusanya vifurushi na kuvileta kwa ndege. Ya tatu, ambayo ndiyo bora kuliko zote, ni ndugu au rafiki anayeishi huko, akapokea, akafungua, akakagua, ndipo akakabidhi kwa wakala.

Kwa nini njia ya tatu ni bora? Dhamana ya eBay ya kurudishiwa fedha haifuati mzigo uliotumwa tena kwenda anwani nyingine baada ya kufika. Kitu kikishatoka ghala la wakala kuja Dar, kikifika kibovu, hasara ni yako. Ndugu akikikagua kule kule, dhamana bado inakulinda. Watu wengi wanalijua hili baada ya kulia.

Daftari, au jedwali kwenye simu. Utaandika bei. Usitegemee kichwa.

Kanuni moja tu ya kuelewa

Dau unaloandika eBay siyo bei utakayolipa. Ni kikomo chako, na kinabaki siri. Mfumo unakupandishia dau kidogo kidogo, kadiri inavyohitajika tu kumpita anayekufuata. Ukiandika 100 na mwingine wa juu kabisa aliandika 60, utalipa 61, kwa sababu katika bei za dola 25 hadi 99.99 nyongeza ni dola 1. Kuanzia 100 hadi 249.99 nyongeza ni dola 2.50, kuanzia 250 hadi 499.99 ni dola 5, na inaendelea kukua hivyo. Wawili wakiandika kikomo sawa kabisa, aliyetangulia ndiye mshindi.

Hapo swali la kwanza limejibika. Ulipoandika 60 ukapitwa papo hapo, hakuna mtu aliyekuwa macho anakuwinda. Kulikuwa na dau la siri lililokaa pale tangu siku mbili zilizopita, kubwa kuliko lako.

Hatua ya 1: Chagua kitu kinachostahili safari

Tafuta kitu kidogo, chepesi, cha thamani, ambacho hapa nyumbani kinauzwa ghali au hakipatikani. Lenzi, kamera, saa, vipuri maalumu, vifaa vya muziki visivyo vikubwa. Printa na spika nzito achana navyo, nauli itakumaliza. Kingine ni umeme: vifaa vya Marekani vya kuchomeka ukutani ni vya volti 120. Chaja nyingi za laptop na kamera zinapokea 100 hadi 240, hizo hazina shida, lakini blenda ya Marekani ukiichomeka moja kwa moja Sinza itakuaga siku hiyo hiyo. Betri za lithiamu nazo zina masharti kwenye ndege. Muulize wakala kabla, siyo baada.

Hatua ya 2: Jua kinauzwaje kweli

Usiangalie bei wanazotaka wauzaji. Mtu anaweza kuandika dola 500 na tangazo likakaa mwaka mzima bila mteja. Tafuta jina la kitu, fungua kichujio, weka alama kwenye "Sold Items". Utaona vilivyouzwa kweli katika miezi mitatu hivi iliyopita, na bei zake.

Andika bei kumi au kumi na tano za vitu vyenye hali inayofanana na unayotaka. Ongeza na gharama ya posta ya kila kimoja, maana wauzaji wengine huweka bei ndogo halafu wanajilipa kwenye posta. Zipange kuanzia ndogo hadi kubwa uangalie ya katikati. Ile moja ya chini sana isikupumbaze: lenzi hiyo huenda ilikuwa na ukungu, au tangazo lilikuwa la boksi tupu.

Angalizo: ukiona bei imepigwa mstari na chini yake pameandikwa "Best offer accepted", bei hiyo siyo iliyolipwa. Walikubaliana chini yake. Iruke.

Hatua ya 3: Piga hesabu kuanzia nyumbani kurudi nyuma

Hatua hii watu wanairuka, kisha wanashangaa mbona "dili" limewagharimu kuliko Kariakoo. Kikomo chako hakitokani na kiasi unachokitamani kitu. Kinatokana na bei ya hapa.

Tuchukue mfano. Tuseme lenzi ya 85mm iliyotumika, ikiwa safi, hapa Dar unaweza kuipata kwa shilingi 800,000. Usumbufu wa kuagiza na kusubiri unataka ukulipe angalau asilimia 20, vinginevyo nunua hapa hapa uijaribu kwa mkono wako. Kwa hiyo gharama yako yote, mzigo ukiwa mkononi, isizidi 640,000. Tuseme kadi inakata shilingi 2,600 kwa dola. Hiyo ni dola 246.

Sasa toa. Wakala amekwambia kifurushi kile, nauli na kodi za forodha zikiwa ndani, ni dola 40. Zinabaki 206. Muuzaji yuko Marekani na mzigo unapelekwa kwa binamu yako Houston. Kodi ya mauzo pale inafika asilimia 8.25, na eBay inaikata yenyewe wakati wa kulipa. Gawanya 206 kwa 1.0825 upate 190 na senti 30. Posta ya ndani dola 10. Kinachobaki ni 180.30. Hicho ndicho kikomo chako. Hata lenzi ingekuwa inang'aa namna gani.

Ukiangalia hesabu hiyo utaona kwa nini mawakala wengi wana maghala Delaware na Oregon. Majimbo hayo hayatozi kodi ya mauzo. Kwa lenzi hii, anwani ya Oregon ingekuongezea zaidi ya dola 15 za kutolea dau.

Kama wakala wako hajumuishi kodi, jua kwamba ushuru wa forodha unakokotolewa juu ya thamani ya kitu, usafiri na bima kwa pamoja, kisha VAT inakuja juu yake: asilimia 18 Tanzania Bara, 16 Kenya. Kiwango cha ushuru kinategemea aina ya bidhaa. Muulize mtu wa forodha au wakala wa kutoa mizigo kwa jina la kitu chenyewe. "Vifaa vya elektroniki" peke yake halimsaidii kukujibu.

Linganisha sasa kikomo chako na bei za hatua ya 2. Kama lenzi hizi huuzwa kwa dola 225 kwa kawaida, kikomo cha 180 maana yake utashindwa minada mingi. Vizuri. Unahitaji kushinda mmoja tu.

Hatua ya 4: Tafuta minada isiyo na watu

Mnada ulioandikwa vizuri, wenye picha kumi na mbili safi, unaoisha Jumapili jioni, utafika bei ya soko. Watu kumi na watano wanauangalia, na hakuna ujanja utakaoupunguza. Nguvu zako zipeleke kwingine.

Majina yaliyokosewa. Mtu anauza Canon anaandika "Cannon". Anauza Nikkor anaandika "Nikor". Wanaotafuta jina sahihi huenda wasilione tangazo lake. eBay inakuruhusu kutafuta maneno mawili kwa pamoja ukiyaweka kwenye mabano na mkato katikati, na kuondoa maneno kwa alama ya kutoa. Kwa mfano: (canon,cannon) 85mm -cap -hood. Hapo utapata tahajia zote mbili, bila mifuniko na vikinga jua vinavyojaza ukurasa. Hifadhi utafutaji huo ili upate taarifa kila tangazo jipya likiingia.

Mafungu. Mzee anauza begi zima: kamera ya zamani, lenzi tatu, flashi, kamba, kwa mnada mmoja. Kichwa cha habari kinasema tu "kamera na vifaa". Kuza picha usome maandishi kwenye pete za lenzi. Mara nyingine lenzi unayoitaka imo, na vilivyobaki unaviuza hapa mjini. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia tamu kuliko zote, na ndiyo inayotaka macho zaidi.

Kuchukua mwenyewe tu. Uingereza hasa kuna matangazo mengi ambayo muuzaji hataki kutuma, anataka uje mlangoni. Hilo linafukuza wanunuzi wa nchi nzima isipokuwa walio karibu. Kama una ndugu Leicester au Birmingham mwenye gari na hiari, chuja matangazo kwa umbali kutoka kwake. Kwanza muombe, jamani, usimshushie kazi.

Picha mbaya, maelezo mafupi. Picha moja yenye kiza, mstari mmoja wa maelezo. Wengi wanaogopa. Wewe andika ujumbe wa heshima, omba picha mbili. Jibu likija, unajua kitu ambacho wengine hawakijui.

Saa mbovu za mnada. Hapa Afrika Mashariki tuna bahati ambayo wengi hawaitumii. Minada ya eBay hukaa siku 1, 3, 5, 7 au 10, na huisha saa ile ile tangazo lilipoanza, isipokuwa muuzaji ameupangia muda. Muuzaji asiyejali akiuanzisha usiku wa manane, utaisha usiku wa manane. Saa nane usiku California ni saa kumi na moja alfajiri New York, na kwetu wakati wa Julai ni saa sita mchana. Wamarekani wamelala, wewe unasubiri chakula cha mchana. Vivyo hivyo saa nne asubuhi ya California siku ya kazi, wakati wenyewe wako ofisini, kwako ni saa mbili usiku. Panga matokeo kwa yanayoisha karibuni, halafu angalia yanayoangukia saa hizo.

Hatua ya 5: Lisome tangazo lote, hadi chini

"For parts or not working" inakupa onyo la wazi: ni kibovu, na huwezi kulalamika baadaye kwamba hakifanyi kazi. "Untested" ihesabu kuwa kibovu mpaka kithibitike. Muuzaji mwenye maelfu ya mauzo ya kamera anayesema hakuwa na betri ya kujaribia hanishawishi hata kidogo. Lakini mtu anayeuza vyombo vya marehemu bibi yake anaposema hajui kukitumia, huyo namwamini, na dau langu kwake ni kubwa zaidi.

Kwa lenzi, uliza mambo matatu: kuna ukungu ndani ya kioo? Fokasi ya yenyewe inafanya kazi? Vile vibati vya ndani vinavyofungua na kufunga tundu la mwanga vina mafuta? Uliza kupitia ujumbe wa eBay ili majibu yabaki kwenye kumbukumbu. Kwa laptop, uliza kama ina nenosiri la BIOS, yaani programu inayoiwasha. Kwa simu, kama imefunguliwa kutoka kwenye akaunti ya mwenye nayo. iPhone iliyofungwa na akaunti ya iCloud ya mwenyewe ni kipande cha kioo tu.

Soma pia maoni mabaya ya muuzaji, siyo asilimia yake. Asilimia 99 kwa mtu aliyeuza vitu elfu kumi ni malalamiko mengi.

Hatua ya 6: Panga saa, na uipange kwa Kiswahili

Minada mingi imepotea kwa hesabu ya saa. Saa 6:00 p.m. ya Jumapili kule California ni Jumatatu alfajiri kwetu: saa kumi kipindi chao cha kiangazi, saa kumi na moja kipindi cha baridi wanapokuwa wamerudisha saa nyuma. Uingereza, mnada wa saa mbili usiku unaisha saa nne usiku kwetu Julai, na saa tano usiku Januari. Mtu anaona "20:00", anaweka kengele ya saa mbili usiku, anakuta mnada bado una zaidi ya saa mbili kuisha, anaenda kulala. Basi.

Dawa ni rahisi: usihangaike na saa ya tangazo. Tazama muda uliobaki, uujumlishe kwenye saa ya simu yako, weka kengele ya dakika kumi kabla.

Hatua ya 7: Dau moja, mwishoni, kwa kikomo chako

Kwa nini mwishoni? Mnada wa eBay una saa maalumu ya kufa, hauongezewi muda. Ukiweka dau mapema, unawapa wengine siku nzima ya kukujibu, kukujaribu na kujipandisha hamasa. Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels waliwahi kulinganisha eBay na minada ya Amazon ya wakati ule, ambayo ilikuwa ikiongezewa muda kila dau likiingia dakika za mwisho. Madau ya mwisho mwisho yalikuwa mengi zaidi eBay. Watu walikuwa wameshajifunza wenyewe.

Fanya hivi:

1. Siku kadhaa kabla, weka mnada kwenye orodha ya kufuatilia. Usiguse kingine.

2. Dakika kumi kabla, fungua tangazo na uhakikishe umeingia kwenye akaunti. Soma maelezo tena. Wauzaji huongeza mistari. Angalia bando.

3. Bei ya sasa ikiwa imeshavuka kikomo chako, funga ukurasa. Umemaliza. Nenda mnada unaofuata.

4. Kama haijavuka, andika kikomo chako chote mara moja, kikiwa na senti zisizo za kawaida. Katika mfano wetu: 180.27. Watu hupenda kuandika 150, 175, 180. Hizo senti 27 zinampita aliyeandika 180 kamili.

5. Ukiwa kwenye ukurasa wa kuthibitisha, subiri. Kwa intaneti ya simu ya huku, thibitisha zikibaki sekunde 10 hadi 15. Wanaojisifu kwa sekunde 2 wako kwenye faiba New Jersey.

6. Usiongeze. Liwalo na liwe.

Tuangalie sekunde hizo zinavyokwenda. Bei inasoma 142.50. Unathibitisha 180.27. Anayeongoza alikuwa na kikomo cha siri cha 165, kwa hiyo bei inaruka hadi 167.50 na sasa unaongoza wewe. Sekunde sita zimebaki, mwingine anaweka 175: bei inakuwa 177.50, bado ni yako. Sekunde mbili, wa tatu anaweka 180. Nyongeza kamili ingekuwa 182.50, lakini kikomo chako hakifiki huko, basi unashinda kwa 180.27 yote. Kama huyo wa tatu angekuwa na 190, angeshinda yeye kwa 182.77, na hapo ndipo mtu husema "kanipita kwa dola mbili na nusu tu". Siyo kweli. Alikupita kwa karibu dola kumi, ila mfumo haukuonyeshi. Ungeongeza tatu, angelipa zaidi yeye na wewe ungeshindwa vile vile.

Kama mnada unaisha saa ambazo huwezi kuwa macho, una njia mbili. Moja, weka kikomo chako kabla ya kulala. Hupotezi kitu kikubwa, maana kikomo ni kile kile. Mbili, kuna huduma za kukuwekea dau sekunde za mwisho, Gixen ni mojawapo. Zinafanya kazi, lakini zinahitaji uingize taarifa zako za kuingilia eBay. Ukizitumia, nenosiri hilo lisiwe ndilo la barua pepe yako wala la benki.

Ukienda minada mingine, uliza kwanza sheria ya kufunga. Yahoo! Auctions ya Japani, ambako lenzi nzuri ni nyingi na hununuliwa kupitia mawakala, muuzaji anaweza kuruhusu muda uongezwe dakika 5 kila dau likiingia mwishoni. Pale kuvizia hakusaidii. Kikomo pekee ndicho kinachokulinda. Na kwenye nyumba za minada za Uingereza zinazouza mtandaoni, mshindi hulipa kamisheni juu ya bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho ya mnada, mara nyingi asilimia 20 hadi 30, na VAT juu ya kamisheni hiyo. Iingize kwenye hesabu ya hatua ya 3 kabla hujanyoosha mkono.

Hatua ya 8: Lipa haraka, kagua haraka

Lipa siku hiyo hiyo. Siku 4 zikipita hujalipa, muuzaji anaweza kufuta mauzo na akaunti yako ikapata doa. Doa zikizidi, wauzaji wengine hawatakupokea.

Mzigo ukifika kwa ndugu, mwambie afungue siku hiyo, siyo "wikiendi nikipata nafasi". Dirisha la kudai eBay ni siku 30 tangu kufika. Kwa lenzi, awashe tochi ya simu aielekeze kwa nyuma, atazame kwa mbele akiinamisha kidogo: ukungu unaonekana kama nyuzi za buibui zilizotandaa ukingoni mwa kioo. Vumbi la punje mbili tatu ni kawaida. Apige video fupi akutumie. Ukiridhika ndipo iende kwa wakala. Na ikifika pwani, ihifadhi kwenye chombo chenye vifuko vya kufyonza unyevu. Joto na unyevu wa Dar na Mombasa vinaotesha ukungu hata kwenye lenzi iliyotoka safi.

Makosa yanayojirudia

Kuongeza dola mbili mbili siku tatu kabla. Unachokifanya ni kumwonyesha kila mtu kwamba kitu kina wenyewe, na kumpandishia mshindi bei.

Kutoa dau kwenye minada mitano ya kitu kile kile kwa wakati mmoja. Kila dau ni ahadi ya kununua. Ukishinda mitatu, una lenzi tatu.

Kusahau posta. Bei dola 9, posta dola 38.

Kutamani. Dalili yake ni kuanza kurekebisha hesabu ya hatua ya 3 dakika tano kabla ya mnada kuisha: "labda wakala atanipunguzia." Hatakupunguzia.

Mambo yakienda kombo

Nimeandika 1800 badala ya 180. Ondoa dau mara moja. eBay inaruhusu kufuta dau lenye kosa la uandishi kama zimebaki zaidi ya saa 12. Zikiwa chini ya hapo, una saa moja tu tangu ulipoliweka, na lazima liwe limewekwa ndani ya hizo saa 12. Muda huo ukipita, mwandikie muuzaji umwombe alifute yeye. Kubadili mawazo siyo sababu inayokubalika.

Dau limekataliwa kabisa. Mara nyingi muuzaji amezuia nchi asizotuma. Angalia anwani kuu ya kutumiwa kwenye akaunti yako; kama ni ya Tanzania na mzigo unaenda Houston, iweke ya Houston.

Naona "Reserve not met". Muuzaji ana bei ya chini aliyoificha na bado haijafikiwa. Weka kikomo chako kama kawaida. Mnada ukiisha bila mshindi, mwandikie ndani ya eBay, mwambie ungelipa kiasi gani akiweka tena tangazo. Wengine wanakubali.

Nimeshindwa, halafu nikaletewa ofa ya nafasi ya pili. Inaweza kuwa halali: mshindi hakulipa, na unauziwa kwa kikomo ulichoandika. Thibitisha kwamba ipo ndani ya ujumbe wa akaunti yako ya eBay, siyo kwenye barua pepe tu. Kisha jiulize: aliyekupita alikuwa na akaunti mpya, iliyotoa dau kwa muuzaji huyu tu? Huenda ni mtu wake wa kupandisha bei, jambo ambalo eBay imelipiga marufuku. Huna wajibu wa kukubali. Mimi huwa naziacha, naingia mnada unaofuata.

Muuzaji anataka nilipe nje ya eBay ili "tuokoe makato". Kataa, hata kama punguzo ni nono. Ukituma fedha kwa Western Union au kwa uhamisho wa benki, dhamana imekwisha.

Kitu si kama kilivyoelezwa, na bado kiko kwa ndugu. Fungua ombi la kurudisha ndani ya siku 30, chagua sababu ya kutofanana na maelezo, weka zile picha na video. Kwa sababu hiyo gharama ya kurudisha ni ya muuzaji. Muuzaji akikupa rejesho la nusu ili ukae nacho, rudi kwenye jedwali lako: kama kwa bei mpya bado kiko chini ya kikomo hata ukitoa gharama ya fundi, chukua. Kama sivyo, kirudishwe.

Nimeshindwa minada sita mfululizo. Rudi hatua ya 2 ukusanye bei upya. Zikiwa zimepanda, soko limehama, na huenda kitu hicho sasa ni nafuu kukinunua hapa. Zikiwa pale pale, tatizo liko kwenye minada unayochagua. Acha ile ya Jumapili jioni, ingia ile ya saa sita mchana.